JE, KUSEMA "HAKUNA MUNGU" NAKO NI DINI?

Somo kwa kijana wa Masasi na Newala

Fungua Biblia usome: Zaburi 14:1, Mathayo 12:43–45, Matendo 17:22–31



Karatasi hii umepewa bure. Labda umeipokea uwanjani kwenye mkutano wa Injili, labda stendi ya Masasi ukisubiri abiria wa bodaboda, labda sokoni Newala. Nakuomba usiifungie karanga kabla hujaisoma. Hatuanzi kwa kukuuliza wewe ni wa dhehebu gani. Tunaanza na ubishi ambao umeshausikia kijiweni.

Kijana mmoja anasema, "Mimi sina dini. Mungu hayupo, hizo ni hadithi za kutisha watu." Amelisikia neno hilo kwenye simu, au kwa mtu aliyetoka mjini. Mwenzake anamrukia: "Hata hiyo nayo ni dini! Umehama dini ya wazee wako ukaingia dini ya kukana Mungu." Basi, kelele zinaanza. Mmoja anasema ni dini, mwingine anasema siyo. Chai inapoa, ubishi hauishi.

Nani anasema kweli? Tulipime jambo hili taratibu. Ukifika mwisho utaona kwamba swali hili linakuhusu hata wewe ambaye hujawahi kusema kwamba Mungu hayupo.

KWANZA TUELEWANE: DINI NI NINI?

Tusitumie maneno makubwa. Tazama dini yoyote unayoijua, utakuta mambo manne:

1. Kuna kitu au mtu ambaye watu wanamtegemea kuliko vyote.
2. Kuna mafundisho: tumetoka wapi, tunakwenda wapi, tukifa inakuwaje.
3. Kuna njia ya kuishi: hili jema, hili baya.
4. Kuna kusanyiko: watu wanaokutana, wana nyimbo zao, sikukuu zao na viongozi wao.

Sasa mchukue mtu anayesema tu, "Hakuna Mungu," halafu akanyamaza. Je, amefikisha mambo manne? Hapana. Hajasema anategemea nini. Hajasema jema ni lipi. Hana kusanyiko wala sikukuu. Amekataa jambo moja, basi.

Ni kama mpira. Mtu akikuambia, "Mimi si Simba wala Yanga," hujampa timu ya tatu. Hana timu tu. Kwa hiyo tuseme ukweli, maana Mungu wetu ni Mungu wa kweli na hahitaji tumtetee kwa uongo: KUKANA MUNGU PEKE YAKE SI DINI. Hapo yule kijana wa kwanza ana haki.

Hata sheria ya nchi yetu inaonyesha hivyo. Ukienda kutoa ushahidi mahakamani, Mkristo anaapa kwa imani yake, Mwislamu anaapa kwa imani yake. Asiye na dini halazimishwi kumtaja Mungu. Anaruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na uhuru wa kuibadilisha. Mwalimu Nyerere naye, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu anaweza kuwa mjamaa bila kwanza kuamua kama kuna Mungu mmoja, wengi, au hakuna. Kwa hiyo asiyeamini ni ndugu yako na raia mwenzako. Usimtukane wala usimpige. Yesu hakutuma mtu kwenda kupiga.

Lakini ngoja. Ubishi haujaisha. Yule asiye na timu, ukimkuta kila Jumamosi yuko uwanjani, amevaa jezi, ana wimbo, ana mwenyekiti, utamwambiaje?

MAJIRANI ZETU WA KENYA

Kenya wapo watu waliojikusanya wakaunda chama cha wasioamini kuwa kuna Mungu. Kilisajiliwa Februari 2016, tena kama chama cha kawaida, si kama dini. Miezi michache baadaye watu wa dini walilalamika, serikali ikasimamisha usajili. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu zaidi ya 755,000 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu, kati ya watu milioni 47 na zaidi. Kwetu Tanzania hatuwezi kutaja hesabu kama hiyo, maana sensa yetu ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967.

Sasa angalia jambo la ajabu. Chama hicho kina mwenyekiti, kina katibu, kina wanachama. Tena kiliwahi kuiomba serikali ya Kenya iwatengee tarehe 17 Februari iwe sikukuu yao ya mapumziko! Umeona? Walianza kwa kusema hawana dini. Haikupita miaka mingi wakatamani sikukuu.

Si Kenya tu. Mjini London, mwaka 2013, wachekeshaji wawili walianzisha mkutano wa Jumapili wa watu wasioamini Mungu. Walikutana katika jengo lililokuwa kanisa, wakaimba, wakasikiliza hotuba, wakakaa kimya kutafakari. Na Marekani, mfungwa mmoja wa jimbo la Wisconsin aliomba aruhusiwe kuwa na kikundi cha kujifunza cha wasioamini. Jambo likafika mahakama ya rufaa, na mwaka 2005 mahakama ikasema kwamba mbele ya sheria kutoamini kwake kulindwe kama dini inavyolindwa. Haikusema kwamba wale wanaabudu. Ilisema kwamba jambo hili linakaa mahali palepale moyoni ambapo dini ya mwingine inakaa.

Kumbe nafasi ile ipo ndani ya kila mtu! Ukimtoa aliyekaa, kiti kinabaki.

TAZAMA NG'AMBO YA RUVUMA

Lakini kwa nini twende London wakati mfano uko mlangoni? Wewe wa Newala nenda kasimame pale Shimo la Mungu. (Hata anayesema hakuna Mungu, akipanga kukutana na rafiki, anasema, "Tuonane Shimo la Mungu"!) Tazama chini, nchi inavyokatika ghafla. Tazama kusini. Lile ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji, kwa Wamakonde wenzetu wa Mueda. Huko jambo hili limeshajaribiwa, siyo na mtu mmoja kijiweni, bali na serikali nzima.

Waulize wazee. Chama cha FRELIMO kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifanya mazoezi Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Wazee wetu waliwapokea wakimbizi, wakagawana nao muhogo na maji, na kwenye uwanda huu maji hayakuwa kitu cha kugawa ovyo. Vita ile ilikuwa ya haki, ya kumtoa mkoloni Mreno. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Mwezi uliofuata, tarehe 24 Julai 1975, serikali mpya ikachukua shule na hospitali, pamoja na zile za misheni. Mwaka 1977 chama kikatangaza kwamba kinafuata mafundisho ya Marx na Lenin, ambayo hayana nafasi ya Mungu. Sehemu nyingi makanisa yalifungwa au kugeuzwa kwa kazi nyingine. Mashahidi wa Yehova kwa maelfu walipelekwa kwenye makambi ya Milange. Waganga, machifu na unyago navyo vikapigwa vita, vikaitwa mambo ya giza.

Sasa swali: baada ya kumtoa Mungu, je, nafasi ilibaki wazi?

Haikubaki. Palikuwa na mafundisho ya kukaririwa. Palikuwa na mikutano ambayo kutofika ni kosa. Palikuwa na vikundi vya chama kila kijiji na kila mtaa vya kuangalia mwenendo wa watu. Palikuwa na kukiri makosa mbele ya kusanyiko. Palikuwa na tumaini la mbele. Na lililo kubwa kuliko yote, walihubiri kwamba watazaa MTU MPYA! Ndiyo, neno hilohilo. Walisema mafunzo ya chama yatamfanya mtu awe mpya, asiye na ubinafsi, asiye na wizi, asiye na uvivu.

Kijana, mtu mpya ni habari ya nani? Soma 2 Wakorintho 5:17. Ni habari ya aliye ndani ya Kristo. Waliitupa Biblia, lakini hamu iliyomo kwenye Biblia hawakuweza kuitupa. Moyo wa mwanadamu bado uliendelea kulilia kuzaliwa upya.

Je, mtu mpya alipatikana? Wenyewe waliona. Desemba 1982 Rais Samora Machel aliwaita viongozi wa dini akazungumza nao, na mlango ukaanza kufunguka kidogo kidogo. Mwaka 1989 chama kikaacha yale mafundisho ya Marx na Lenin. Mwaka 1990 ikaja katiba mpya. Leo vuka Ruvuma uende Mueda, utakuta watu wanasali na misikiti inaadhini. Sheria ilijaribu kumtoa Mungu, na watu wakamrudia.

Kwa hiyo yule kijana wa pili naye ana sehemu ya haki. Kukana Mungu peke yake si dini, lakini HAKUKAI PEKE YAKE. Kukipewa muda, na watu, na nguvu, kunajishonea kanzu yake.

KWA NINI WALIMKANA?

Hapa tuwe wakweli, sisi tunaojiita watu wa Mungu. Kule Msumbiji, wakubwa wa kanisa walikuwa na mkataba na serikali ya Wareno tangu mwaka 1940. Wengi wao walinyamaza mtu mweusi alipopigwa na kutumikishwa. Samora mwenyewe alisoma shule ya misheni. Mtoto akimwona mchungaji anakula meza moja na mwenye kiboko, atamwonaje Mungu wa mchungaji yule?

Wengi hawakumkana Mungu. Walimkana mtu aliyesimama mbele ya Mungu akamziba. Mtume Paulo aliwaonya watu wa dini kwamba kwa sababu ya matendo yao jina la Mungu linatukanwa (Warumi 2:24).

Lakini usiishie hapo. Miaka ileile, upande huu wa mto, Masasi ilikuwa na askofu aliyeitwa Trevor Huddleston, toka 1960 mpaka 1968. Mtu huyu alikuwa mzungu, lakini alishapigana na ubaguzi wa Afrika Kusini mpaka akajulikana dunia nzima. Tena kazi ya misheni hapa Masasi, iliyoanza mwaka 1876, ilianza na watu waliokombolewa utumwani. Mto mmoja, kushoto kuna aliyelitumia jina la Mungu kufunga watu, kulia kuna waliolitumia kufungua. Je, utamhukumu Mungu kwa yupi?

Na wewe, labda una kidonda chako. Labda mtu wa dini alikudanganya, alikula sadaka, alimwombea mama yako na mama hakupona. Sikulaumu kwa kuuliza. Tomaso aliuliza na Yesu hakumfukuza, alimwonyesha makovu (Yohana 20:24–29). Lakini usifukie kisima kwa sababu aliyechota alikuwa mchafu. Sisi watu wa Makonde tunajua kisima ni nini.

MOYO HAUKAI MTUPU

Bwana Yesu alieleza habari ya pepo aliyemtoka mtu, akazunguka, akarudi akakuta nyumba imefagiwa na iko tupu. Akaenda kuchukua wenzake saba, na hali ya mtu ikawa mbaya kuliko mwanzo (Mathayo 12:43–45). Kosa la ile nyumba lilikuwa nini? Uchafu haukuwepo, ilishafagiwa. Kosa ni kwamba HAIKUWA NA MWENYEWE.

Wewe mkulima unajua. Acha shamba la mikorosho bila kupalilia msimu mmoja tu. Je, litakaa tupu? Halijui kukaa tupu. Hukupanda magugu, lakini yataota.

Nabii Isaya anamcheka mtu anayekata mti mmoja: nusu anachoma apike chakula, nusu anachonga mungu na kumsujudia (Isaya 44:14–17). Sisi tuna wachongaji wa mpingo wanaojulikana dunia nzima. Mchongaji anajua vizuri kwamba kinyago kimetoka mkononi mwake, na mabaki yake yameingia jikoni. Leo si lazima mungu wako awe wa mti. Anaweza kuwa wa karatasi, wa chupa, au wa kioo cha simu.

SASA TUJE KWAKO WEWE

Unasoma unasema, "Hayo ni ya wakana Mungu. Mimi nina dini, hata jina langu linaonyesha." Hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka, ndugu yangu.

Hospitali wakikuuliza dini, unajibu haraka, na wanaandika. Lakini hujasali tangu lini? Una jina la Kikristo au la Kiislamu, uliingia jando au unyago kama wenzako, harusi na misiba unahudhuria. Halafu Jumatatu mpaka Jumapili unaishi kama vile juu hakuna mtu. Daudi katika Zaburi 14 anamtaja mpumbavu anayemkana Mungu. Angalia anamkania wapi: si jukwaani, si kwenye chama, ni MOYONI. Mdomo wake labda ulikuwa unaimba.

Yule wa Kenya amesema waziwazi. Wewe umeandika dini kwenye fomu na kumkana Mungu kwenye maisha. Nani mkweli zaidi? Hata mashetani wanaamini kwamba Mungu yupo, tena wanatetemeka (Yakobo 2:19). Wewe hata kutetemeka hutetemeki!

Basi jipime leo. Usimjibu mtu, jibu moyoni mwako:

1. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei ya mnada wa korosho, mpaka Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Mambo yakikwama namna hiyo, na deni la salfa linakusubiri, moyo wako unakimbilia wapi kwanza?
2. Usiku wa manane mtoto anashikwa na degedege. Unamwita nani njiani mkienda hospitali? Au mkono unaenda kwenye hirizi?
3. Ukipata fedha ya kwanza ya msimu, nani anajua kwanza: Mungu, au mwenye kilabu?
4. Ule mkeka wa kubeti unaouangalia alfajiri kabla hujanawa uso, si ndiyo sala yako ya asubuhi?
5. Uko peke yako, hakuna anayekuona. Ni nani anayekuzuia usimdhulumu mwenzako?

Majibu yako hayo ndiyo dini yako. Siyo ile ya kwenye fomu. Mahali hazina ya mtu ilipo, na moyo wake uko hapo (Mathayo 6:21).

Kwa hiyo ubishi wa kijiweni tumeumaliza. Asiyeamini anaweza kujikuta na dini asiyoitaka. Na mwenye dini anaweza kuwa mkana Mungu asiyejijua. Wote wawili wanahitaji jambo moja: Mungu aliye hai, anayejibu.

UFANYE NINI?

Paulo alipofika Athene alikuta madhabahu mji mzima, mpaka moja imeandikiwa mungu wasiyemjua. Hakuwatukana. Aliwaambia kwamba huyo wasiyemjua ndiye anayewahubiri, tena hayuko mbali na mtu yeyote (Matendo 17:22–31). Nami nakuambia hivyohivyo. Mungu unayebishana juu yake hayuko mbali nawe.

Alimtuma Mwanawe, Yesu Kristo. Hakuja kama mwenye kiboko. Alipigwa kiboko yeye, akafa msalabani kwa ajili ya dhambi zako na zangu, siku ya tatu akafufuka. Yule mtu mpya, ambaye chama hakikuweza kumzaa kwa amri, Yesu anamzaa kwa Roho Mtakatifu. Wapo watu wa namna hiyo hapahapa, walevi wa jana, wezi wa jana. Hata katibu wa kile chama cha Kenya, mwaka 2021, alijiuzulu kazi yake akasema amempata Yesu Kristo. Wenzake wakatangaza habari hiyo wenyewe, na wakamtakia heri. Kama Yesu alimpata mtu yule ofisini kwa wasioamini, atashindwa kukupata wewe kijiweni?

Hulazimishwi. Kama bado una mashaka, mwambie Mungu mashaka yako. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa alimwambia Yesu kwamba anaamini, akaomba asaidiwe pale asipoamini, na mtoto wake akapona (Marko 9:24). Anza hapo.

Kama moyo wako umeguswa, tafuta mahali pa kimya, hata chini ya mkorosho, uombe hivi:

"Ee Mungu, mdomo wangu ulikutaja lakini maisha yangu yalikukana. Au nilisema kabisa kwamba haupo. Leo nimechoka na nyumba tupu. Bwana Yesu, ulikufa kwa ajili yangu, nisamehe dhambi zangu. Ingia, uwe mwenye nyumba. Mashaka yaliyobaki nisaidie. Nifanye mtu mpya. Amina."

Umeomba kwa moyo? Basi leo hii mwambie mtu mmoja. Tafuta Biblia, anza na Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu na lenye watu wanaoishi wanachosema. Na yule rafiki yako wa kijiweni anayesema hakuna Mungu, usimkimbie. Mpelekee karatasi hii, ukae naye, umsikilize. Akikuuliza jambo usilolijua, mwambie, "Sijui, tutafute." Lakini aone maisha yako yamebadilika. Hapo hatakuwa na la kubisha.

Mungu akubariki sana.